Watoto 129 wa Kingston: Habari ya Maziwa, Michezo na Masomo

Katika bonde la Mona, chini ya vilima vinavyouzunguka mji wa Kingston katika kisiwa cha Jamaika, mahali ambapo zamani palikuwa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa, palijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuo kikuu cha visiwa vya Karibi vilivyokuwa bado chini ya himaya ya Uingereza. Na ndani ya viwanja vya chuo hicho, katika miaka ya 50, tabibu mmoja aitwaye John Waterlow alianzisha idara ya utafiti iliyokuwa na wodi yake ya watoto, madhumuni yake yakiwa ni kujua sababu ya vifo vya watoto wenye utapiamlo na namna ya kuwaokoa. Zama zile maradhi hayo yalikuwa mapya katika vitabu vya matabibu ingawa hayakuwa mapya katika nyumba za mafukara. Daktari Cicely Williams, ambaye mwenyewe alizaliwa Jamaika, ndiye aliyeandika habari za kwashakoo katika majarida ya tiba mwanzoni mwa miaka ya 30, alipokuwa akitumika Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana. Na huku kwetu Afrika Mashariki, wodi za Mulago mjini Kampala nazo zilikuwa na watafiti wao waliokesha juu ya watoto wale wale wenye nyuso zilizovimba na nywele zilizopauka.

Idara ya Mona ilipata sifa kubwa, na ilistahili, kwa maana iliwafundisha matabibu wa dunia jinsi ya kumlisha mtoto aliyedhoofika kwa kipimo na kwa hadhari, hata vifo wodini vikapungua. Walakini mtoto aliyepona mwili hakuwa daima amepona kila kitu. Alirejea kwao akiwa amenenepa, macho yakimng'aa, na miaka michache baadaye, alipopelekwa shule, akaonekana yuko nyuma ya wenzake katika kusoma na kuhesabu, mzito wa kujibu, mwepesi wa kukata tamaa. Matabibu wengi waliridhika na dhana kwamba njaa ilikuwa imekwisha kuudhuru ubongo na kwamba hapana tena la kufanywa. Na dhana hiyo, ijapokuwa ilivaa kanzu ya elimu, ilikuwa pia na raha yake, kwani ilimwondolea kila mtu dhima.

Aliyekataa kuridhika alikuwa tabibu wa Kiingereza, Sally Grantham-McGregor, aliyefanya kazi Jamaika kwa miaka mingi. Katikati ya miaka ya 70 yeye na mwenzake Patricia Desai walikuwa wamekwisha kujaribu kuwatembelea nyumbani mama wa mitaa ya kimasikini ya Kingston na kuwafundisha namna ya kucheza na watoto wao, wakaona watoto wale wanaendelea vizuri kuliko wenzao. Kisha akaingia katika wodi ya Mona yenyewe. Kikundi cha watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali walichezeshwa kila siku wakiwa wodini, na walipotoka walifuatwa majumbani kila wiki kwa miaka miwili, na kila wiki mbili katika mwaka wa tatu. Na watoto wengine, waliokuwa na maradhi yale yale na waliopata chakula na dawa zile zile, hawakuchezeshwa. Wale wa kwanza waliwapita wa pili kwa akili, na walipopimwa tena wakiwa na umri wa miaka 14 walikuwa bado wamewapita. Jambo hilo lilipasa kuutikisa ulimwengu wa tiba, lakini watoto walikuwa wachache, na mwenye shaka angeweza kusema kwamba walitofautiana tangu awali.

Hapa yafaa nitaje kundi la watu ambao majina yao hayamo katika majarida. Mwishoni mwa miaka ya 60 Profesa Kenneth Standard wa chuo kile kile alikuwa ameanza kuwafundisha wanawake wa mitaani, waliosoma kiasi cha kuweza kuandika na kuhesabu lakini wasio wauguzi, kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba wakipima watoto, wakifunga vidonda na kuwakumbusha mama siku za chanjo. Serikali ya Jamaika iliwaajiri kwa mamia, na ni jamaa wa hawa tuwaitao sisi wahudumu wa afya ya jamii. Walizaliwa katika mitaa ile ile waliyoihudumia, walijua ni uchochoro gani usiopitika usiku na ni nyumba gani haipokei mgeni bila ya kumsalimu kwanza bibi kizee aliyeketi mlangoni. Grantham-McGregor alipotafuta watu wa kuibeba kazi yake hakutafuta walimu wenye shahada. Aliwachukua wanawake hao.

Basi katika mwaka wa 1986 na wa 1987 yeye pamoja na Christine Powell, Susan Walker na wenzao walianza kazi ambayo habari zake hazijakwisha mpaka leo. Walipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya dhiki ya Kingston, mahali ambapo familia kadhaa zilishiriki ua mmoja uliozungushiwa mabati na bomba moja la maji, wakawatafuta watoto wenye umri wa miezi 9 mpaka 24 waliokuwa wafupi mno kwa umri wao, yaani waliopatwa na udumavu. Hawakuwa wagonjwa wa kulazwa. Walikuwa watoto ambao jirani angewapita bila ya kuwatazama mara mbili. Walipatikana 129, wakagawanywa kwa kura katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa kilo moja ya maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto kila wiki kwa miaka miwili. Kundi la pili lilitembelewa na mhudumu saa moja kila wiki kwa muda huo huo, kwa ajili ya michezo. La tatu lilipata yote mawili, na la nne halikupata hata moja, isipokuwa matibabu ya bure ambayo kila mtoto aliahidiwa. Watafiti waliongeza watoto 32 wa mitaa hiyo hiyo waliokua vizuri, ili wapate kujua mtoto wa Kingston asiye na udumavu hufika wapi.

Wale wasiopangiwa michezo nao walitembelewa kila wiki, mhudumu akiuliza kama mtoto alikohoa au aliharisha na kuandika majibu, asije mtu akasema baadaye kwamba kilichowafaa wengine ni kule tu kuwa na mgeni anayebisha hodi. Na kwa kuwa kila mtu aliyelelewa katika nyumba ya dhiki anajua kwamba maziwa ya mtoto mmoja hayanywewi na mtoto mmoja, familia zilizopewa maziwa zilipewa na chakula kingine cha kugawana, ili sehemu ya mdogo ibaki ya mdogo. Nimesoma tafiti nyingi zilizofanywa na watu wenye fedha zaidi ambao hawakulifikiri jambo hili.

Nayo ile saa moja ilikuwaje? Mhudumu alifika na mfuko. Ndani yake mlikuwa na vichezeo vilivyotengenezwa kwa takataka za mjini: chupa ya plastiki iliyotiwa vitu vya kulia ndani, vifuniko vya kupangwa kimoja juu ya kingine, vipande vya mbao, mwanasesere wa matambara, picha iliyobandikwa juu ya boksi na kukatwa vipande ili mtoto aiunganishe, na kitabu cha picha. Mhudumu aliketi chini pamoja na mama na mtoto, akaonyesha mchezo wa wiki ile, kisha akamwachia mama aufanye mwenyewe. Michezo ilipangwa kwa daraja, mwepesi ukitangulia mgumu, na mtoto hakupandishwa daraja mpaka awe amelimudu la chini. Zaidi ya michezo yalikuwamo maneno: mama alihimizwa kutaja majina ya vitu akimwogesha mtoto, akipika, akianika nguo, kumweleza kilicho kikubwa na kidogo, kilicho juu na chini, kumsifu alipojaribu, na kupunguza kofi. Nyimbo za watoto za kisiwa kile, ambazo mama wengi walizijua lakini hawakudhani kuwa ni elimu, zilirudishwa midomoni. Mhudumu alipoondoka aliviacha vile vichezeo, na wiki iliyofuata akavibadilisha kwa vingine. Hapakuwa na kompyuta, wala jengo, wala kitu chochote ambacho mfadhili angeweza kupigwa picha akikizindua.

Mwaka 1991 matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet, na yalikuwa kama walivyotumaini wapenda amani, kwa maana kila upande ulipata haki yake. Maziwa yalisaidia maendeleo ya akili, michezo ilisaidia, na waliopata vyote viwili walisaidika zaidi, hata baada ya miaka miwili wakawa wamewakaribia sana wale watoto wasio na udumavu, ilhali wale wasiopata kitu waliachwa nyuma. Lau kazi ingekomea pale, kama ilivyo desturi ya kazi nyingi za namna hii ambazo fedha zake hukoma mara ripoti inapofungwa, tungekuwa tumeambiwa kwamba chakula na michezo ni ndugu wawili wenye nguvu sawa, na serikali zingechagua maziwa, kwa kuwa maziwa huhesabika kwa magunia.

Lakini watafiti hawakuwaacha watoto wao. Waliwatafuta tena walipokuwa na miaka 7 na 8, wakiwa wameanza darasa, na tofauti zilikuwa zimefifia kiasi cha kuwatia wasiwasi marafiki wa kazi hiyo. Waliwatafuta walipokuwa na miaka 11 na 12, umri ambao mtoto wa Jamaika zama hizo alikaribia ule mtihani wa kuingia sekondari uliotenga watakaokwenda shule za sifa na watakaokwenda shule ambazo hakuna mzazi aliyeziombea. Hapo likaonekana jambo ambalo halikutazamiwa na wengi: faida ya maziwa katika akili ilikuwa imetoweka, na ya michezo ilikuwa bado ipo. Walipokuwa na miaka 17 na 18 wakapatikana 103 kati ya wale 129, wakapimwa akili, msamiati, kusoma na hesabu. Waliochezeshwa utotoni waliwapita wenzao katika vipimo vya akili, katika msamiati, katika kulinganisha maana za maneno, na katika kusoma kwa kufahamu. Katika hesabu hawakuwapita. Aidha wasiwasi na huzuni yao ilikuwa pungufu kuliko ya wenzao, na walijithamini zaidi. Waliokunywa maziwa peke yake hawakutofautiana na waliokosa vyote.

Nakaa kidogo juu ya habari hii ya kusoma na hesabu, kwa sababu aghalabu hupitwa haraka na waandishi wanaotaka kufikia habari ya mishahara. Alichokileta mhudumu katika ule ua wa mabati kilikuwa, kwa sehemu kubwa, mazungumzo. Mtoto alisemezwa, akaulizwa, akasubiriwa ajibu. Miaka 15 baadaye faida ilijidhihirisha mahali pale pale ilipopandwa, katika lugha, wala haikuenea katika kila somo kana kwamba ubongo wote umepakwa mafuta. Mimi huuamini utafiti huu zaidi kwa sababu ya upungufu wake huo. Dawa inayoponya kila ugonjwa huuzwa na walaghai, na lau vijana wale wangeibuka hodari wa hesabu, wa mbio na wa kuimba kwa pamoja, ningekuwa wa kwanza kuuliza ni nani aliyesahihisha mitihani.

Walipofika miaka 22 wakaingia wanauchumi. Paul Gertler, na James Heckman aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, walishirikiana na Walker, Grantham-McGregor na wengine kuwatafuta vijana hao popote walipokuwa, hata waliohamia Marekani, Kanada na Uingereza, na wakawapata 105. Waliochezeshwa walikuwa wamesoma zaidi, walikuwa wameshiriki kwa uchache kuliko wenzao katika mapigano na jeuri, jambo lisilo dogo katika Kingston, na kipato chao kilizidi cha wenzao kwa asilimia 25, wakawa sawa na wale wasiokuwa na udumavu tangu mwanzo. Habari hiyo, iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2014, ilifanya kwa siku chache kile ambacho miaka 28 ya kazi ya matabibu haikuweza: iliwafanya mawaziri wa fedha wasikilize. Kipimo kilichofuata, wakiwa na miaka 31, kilionyesha kwamba tofauti ya mishahara ilikuwa imeongezeka, ikafika asilimia 43 kwa saa ya kazi.

Hata hivyo watoto 129 ni wachache, na mji mmoja ni mji mmoja. Insafu yatutaka tutazame na kwingine. Huko Ypsilanti katika jimbo la Michigan, tangu mwaka 1962 mpaka 1967, David Weikart na walimu wake waliwafundisha watoto wa Wamarekani Weusi wa hali ya chini katika shule ya awali, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kwa kila mtoto kwa saa moja na nusu. Tofauti ya vipimo vya akili ilififia baada ya miaka michache ya shule, watu wakasema kazi bure. Kisha watoto walipofikisha miaka 19 ikaonekana kwamba 67 katika kila mia walikuwa wamemaliza sekondari, na katika kundi la kulinganishia 49. Huko Memphis, katika jimbo la Tennessee, David Olds aliwatuma wauguzi kwa wajawazito masikini kuanzia mwaka 1990, wakawa wanawatembelea mpaka mtoto atimize miaka miwili. Watoto hao walipofika miaka 12, waliofanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu kuliko wenzao wasiotembelewa walikuwa wale ambao mama zao walianza wakiwa na uwezo mdogo zaidi wa kuyakabili maisha. Mama aliyekuwa imara tangu mwanzo hakuongezewa mengi na mgeni.

Kisha ikaja zamu ya kuukuza mradi wa Kingston, na hapa masimulizi yanaingia uchungu. Huko Kolombia, kuanzia mwaka 2010, Orazio Attanasio na wenzake, wakisaidiwa na Grantham-McGregor mwenyewe, walipeleka mtaala ule katika miji midogo 96, kwa watoto 1,420, ziara ya kila wiki kwa miezi 18. Badala ya wahudumu wa afya waliwatumia wanawake waliochaguliwa na wenzao katika mpango wa serikali wa kuzipa fedha familia masikini, wasimamizi wakiwafikia mara moja katika miezi miwili hivi. Mwisho wa kazi watoto walikuwa wameendelea, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko wale wa Jamaika. Walipopimwa tena miaka miwili baadaye, tofauti haikuonekana.

Wako waliosema kwamba Kingston ilikuwa bahati tu. Wako waliosema tusubiri, kwa kuwa hata Kingston tofauti zilififia watoto walipokuwa na miaka 7 kabla ya kurudi zikiwa wazi. Maneno hayo ya pili yana hoja, lakini mimi naona tofauti nyingine ambayo haihitaji kusubiriwa. Wanawake wa Kingston walikuwa wachache, walioajiriwa na kulipwa, waliokuwa na uzoefu wa kuingia majumbani kabla mradi haujazaliwa, na juu yao walikuwapo watafiti waliokuwa jirani, mjini mle mle, waliomjua kila mhudumu na kila mtoto kwa jina. Huwezi kulifunga jambo hilo katika boksi pamoja na vichezeo na kulisafirisha. Mtaala ulisafiri hadi Kolombia, na baadaye, kwa jina la Reach Up, ukasafiri hadi Brazil, Bangladesh na Zimbabwe. Usimamizi ule ulibaki Mona.

Kwetu Afrika Mashariki habari hizi zimekuja kwa njia mbalimbali. Magharibi ya Kenya, katika vijiji 60, mradi ulioitwa Msingi Bora uliwakusanya mama pamoja na watoto wao mara moja kila wiki mbili, na katika baadhi ya vijiji mikutano ilichanganywa na ziara za nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba mikutano peke yake iliwafaa watoto, na kwamba ziara hazikuongeza kitu. Mwenye kupenda ziara za nyumbani kama mimi hulisoma jambo hilo kwa shingo upande, lakini hana budi kulisoma. Huenda mama wa kijijini, anapokaa na wenzake chini ya mti, hupata kwao kile ambacho mama wa Kingston, aliyefungiwa uani, alikipata kwa mhudumu peke yake. Tanzania nayo ilizindua mwezi wa Desemba mwaka huo huo programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ambayo sehemu yake kubwa imo mikononi mwa wahudumu wa afya ya jamii, watu ambao tayari wanadaiwa chanjo, uzazi wa mpango, malaria, kifua kikuu na takwimu za vyoo.

Nawaomba wanaoipanga kazi hiyo, katika wizara na katika halmashauri, kabla hawajaagiza vichezeo wala kuchapisha vijitabu, waandike katika karatasi mambo matatu: mhudumu mmoja atatembelea nyumba ngapi kwa wiki, atalipwa nini, na ni nani atakayefuatana naye, mara ngapi kwa mwezi, aketi chini na kumtazama akifanya kazi. Karatasi hiyo ikikosekana, bora fedha zile zitumike kununulia madawati.